Maonyesho huanza na swali: mwongozo kamili kwa wasanii wa Uganda, kutoka wazo hadi ukutani

Msanii anayetaka kuonyesha kazi zake Kampala huwa na haraka ya kitu kimoja: ukumbi. Anazunguka Nakasero, Kamwokya, Kabalagala na eneo la viwanda akiulizia nafasi, na akishaipata ndipo anarudi nyumbani kuhesabu picha alizonazo zitajaza kuta ngapi. Kwa maoni yangu mpangilio huo umedhoofisha maonyesho mengi ya watu wenye vipaji vikubwa. Ukumbi haumpi mtu wazo. Wazo ndilo linaloamua uonyeshe kazi ngapi, zikae wapi, taa zielekee wapi, na hata maandishi ya ukutani yawe kwa lugha gani.

Mwongozo huu ni kwa wachoraji, wachongaji, wapiga picha na wafumaji wanaofanya kazi Uganda, wakiwemo ndugu zetu waliotoka Kongo, Kenya na Tanzania ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya karakana. Jipe miezi sita hadi tisa. Chini ya hapo inawezekana, lakini utakuwa unakimbizana na fundi wa fremu usiku wa kuamkia ufunguzi.

1. Tafuta swali kabla ya kutafuta ukumbi

"Maji", "mwanamke wa Kiafrika", "utamaduni wetu", "amani". Hizo ni mada, na mada ni pana mno kumwongoza mtu. Ukijiambia kwamba unachora maji, utachora ziwa, mvua, Mto Nile na mtoto anayeoga, na mwishowe utakuwa na picha nzuri zisizojuana. Unachohitaji ni swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake, na ambalo unaweza kumwambia jirani kwa pumzi moja, hata kama jirani huyo hajawahi kuingia kwenye jumba la sanaa.

Tuchukue mfano mmoja na twende nao hadi mwisho. Tuseme mchoraji anakaa Katwe na anavutiwa na jerikeni za njano za lita 20, zile zinazoingia madukani na mafuta ya kupikia kisha zikaishi miaka mingi zikibeba maji. Jerikeni zimechorwa sana, kwa hiyo akiishia kwenye kupenda rangi yake atarudia ya wengine. Basi na aende kwenye bomba la mtaa alfajiri akiwa na daftari lake la michoro, na aombe ruhusa: "Habari ya asubuhi, mama. Mimi ni mchoraji. Naomba nikae hapa nichore jerikeni yako. Wewe mwenyewe sitakuchora mpaka uniruhusu."

Akikaa bila haraka ataanza kuona. Hii imepakwa rangi ya kucha kwenye mpini. Ile imefungwa kipande cha kitenge. Nyingine imepoteza kifuniko, nayo imezibwa kwa ndizi mbichi iliyosokomezwa mdomoni. Halafu ataona jambo kubwa zaidi: wenye jerikeni wengi hawapo. Wamerudi kuwasha moto na kuwaandaa watoto wa shule, wakaziacha jerikeni zisimame kwenye foleni kwa niaba yao. Na hakuna anayezisogeza.

Hapo swali limezaliwa: inakuwaje chombo cha plastiki kimshikie mtu nafasi yake, na mtaa mzima ukaheshimu? Sasa tumetoka kwenye maji tukaingia kwenye kuaminiana kwa majirani, na mchoraji ana kitu ambacho mtazamaji wa Gulu, wa Goma na wa Mombasa wote watakielewa.

Ulipime swali lako hivi. Je, linakufanya utoke nje ukaangalie au ukaulize watu? Je, linaweza kuzaa kazi zaidi ya tano bila kujirudia? Je, ukilisema mbele ya mtu, naye anaanza kukusimulia ya kwake? Kama majibu yote ni ndiyo, shika hilo. Kama mtu anatikisa kichwa tu na kusema "vizuri", bado unashika mada.

2. Lifanyie wazo kazi kwa mikono

Wazo likikaa kichwani tu, linaonekana kamili kuliko lilivyo. Litoe. Chora michoro midogo 30, kila mmoja wa ukubwa wa kadi ya posta, bila kufuta. Michoro ya mwanzo huwa ni ile uliyokwisha kuiona kwa wengine. Mkono unaitoa ili uachane nayo. Katikati hapo utachoka na kutaka kuacha. Endelea, maana ni baada ya uchovu huo ndipo mambo yasiyotarajiwa hujitokeza: jerikeni ikitazamwa kutoka juu, kivuli cha foleni bila foleni yenyewe, mkono unaofunga kitenge kwenye mpini.

Kisha jaribu nyenzo angalau tatu kabla ya kuchagua moja. Mchoraji wetu anaweza kujaribu akriliki kwenye kanvasi, mkaa kwenye karatasi kubwa, na plastiki ya jerikeni yenyewe iliyokatwa na kunyooshwa kwa joto kidogo, nje penye hewa, kwa sababu moshi wa plastiki ni sumu. Uganda ina mifano mizuri ya wasanii walioacha nyenzo izungumze. Sanaa Gateja amejenga kazi zake kwa shanga za karatasi zilizotupwa, akizishona juu ya kitambaa cha gome. Acaye Kerunen hufanya kazi na nyuzi za mimea pamoja na wanawake wafumaji, naye Collin Sekajugo huchukua picha za matangazo zinazouzwa mtandaoni na kuzigeuza kuwa za watu wa kwetu. Wawili hao walibeba banda la kwanza la Uganda kwenye maonyesho ya kimataifa ya Venice mwaka 2022, na banda hilo likapewa tuzo ya kutajwa kwa heshima. Kwa wote watatu huwezi kutenganisha nyenzo na maana.

Hapo nina neno kuhusu kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Ni kazi ya mikono ya Baganda iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, na ni nyenzo ya ajabu: ina joto, ina makovu ya mti, na huvalishwa wafu na wafalme. Kwa sababu hiyohiyo haifai kubandikwa nyuma ya kila picha ili mgeni aone "Afrika". Itumie pale ambapo swali lako linaihitaji. Swali la jerikeni haliihitaji.

Ukishakuwa na majaribio, yaonyeshe yakiwa hayajakamilika. Waite watu watatu: msanii mwenzako, mtu anayelijua jambo unalolichora, na mtu asiyelijua kabisa. Kwa mchoraji wetu, wa pili ni mama wa pale bombani. Ziegemeze kazi ukutani, na kwa dakika kumi za mwanzo wewe usiseme kitu. Waulize wanaona nini, macho yao yanaanzia wapi, na ni kazi gani wangeiondoa. Usijitetee, andika. Ukiona umelazimika kueleza picha kwa dakika tano ndipo ieleweke, picha hiyo bado ina kazi.

3. Chagua, kisha punguza

Hii ndiyo hatua inayouma. Weka kazi zote sakafuni, zile bora na zile unazozipenda tu. Kwa kila moja uliza: inalijibu swali, inalipanua, au inarudia kilichosemwa na nyingine? Zinazorudia ziondoe, hata kama zimekuchukua wiki nyingi. Ile picha yako ya machweo ya Ziwa Nalubaale (Viktoria), ambayo kila mtu anaisifu, haina nafasi kati ya jerikeni. Itauzwa siku nyingine.

Kazi 12 zinazozungumza pamoja zina nguvu kuliko 35 zilizobanana. Ukumbi uliojaa sana humchosha mtazamaji, akaishia kutazama kwa kupita kama mtu aliyeko sokoni Owino siku ya Jumamosi.

Ndipo uandike maelezo ya maonyesho, maneno 150 hivi. Maelezo mengi ninayosoma yanakwenda namna hii: "Kazi zangu zinachunguza mwingiliano wa utambulisho na nafasi katika muktadha wa kisasa." Hakuna anayejua hapo umechora nini. Linganisha na haya: "Kwenye bomba la mtaa wetu, jerikeni hushika foleni badala ya mwenyewe, na hakuna anayeisogeza. Nimechora jerikeni hizo na watu walioziacha, kwa sababu nataka kujua uaminifu huo unatoka wapi." Anza na kitu kinachoonekana, sema umefanya nini, sema kwa nini. Msomee mtu kwa sauti, pale anapokuuliza "maana yake?", andika upya.

4. Sasa tafuta mahali

Uliza kwanza nani anapaswa kuziona kazi hizi. Nommo Gallery ya Nakasero, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni jumba la taifa na iko chini ya taasisi ileile inayosimamia Ukumbi wa Taifa wa Maigizo. Chuo Kikuu cha Makerere kina jumba lake, na watazamaji wake ni wanafunzi na walimu watakaokuuliza maswali magumu. Afriart Gallery, Umoja na majumba mengine binafsi yana wanunuzi, kwa hiyo yatauliza kama kazi zinauzika. 32° East kule Kabalagala ni mahali pa kukuza wazo hata kabla ya maonyesho, kwa kuwa wanatoa nafasi za karakana na wana maktaba. Tembelea kila mahali mara mbili, mara moja kwenye siku ya ufunguzi wa mtu mwingine na mara moja siku ya kawaida mchana, uone kama kuna mtu anayeingia.

Na usidhani lazima iwe ndani ya jumba. Tamasha la KLA ART mwaka 2012 liliweka kazi za wasanii kwenye makontena mjini, na mwaka 2014 wasanii wakageuza bodaboda kuwa kazi za sanaa zinazotembea. Foleni ya jerikeni ingeweza kuonyeshwa kwenye uwanja wa mtaa kwa siku moja, kabla ya kwenda Nakasero kwa wiki tatu. Ningemshauri mchoraji wetu afanye yote mawili, na aanze na mtaani, ili waliomkaribisha bombani wawe wa kwanza kuona. Kwa mahali pa wazi muone mapema mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na uulizie kibali cha KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala.

Ukienda kwa mwenye jumba, nenda na waraka mfupi: maelezo yako ya maneno 150, picha sita hadi kumi za kazi zilizopigwa kwenye mwanga mzuri wa kivulini, orodha yenye jina la kazi, mwaka, nyenzo na vipimo kwa sentimita, na aya moja kuhusu wewe. Faili liwe jepesi linalofunguka kwenye simu.

5. Makubaliano na bei

Kila kitu kiandikwe, hata kama mwenye jumba ni rafiki yako. Maonyesho yanaanza na kuisha lini; jumba linachukua asilimia ngapi; nani analipia uchapishaji, usafiri na vinywaji; kazi ikiharibika ikiwa ukutani nani anawajibika; mnunuzi akilipa, wewe unapata fedha zako baada ya siku ngapi; zisizouzwa zinarudi lini. Andika pia kwamba hakimiliki inabaki kwako. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, kuuza kanvasi hakumpi mnunuzi haki ya kuichapisha kwenye kalenda au fulana. Haki hiyo huhamishwa kwa maandishi. Na kama umechora nyuso za watu, wawe wamekuruhusu, ikiwezekana kwa karatasi yenye sahihi.

Kuhusu bei, kuna hesabu inayowatoa wasanii fedha mfukoni kila msimu. Tuseme unataka kubaki na shilingi 600,000 na jumba linachukua asilimia 40. Wengi huongeza asilimia 40 juu ya 600,000, wanapata 840,000, wanadhani wamemaliza. Lakini jumba linakata asilimia 40 ya 840,000, na unabaki na 504,000. Njia sahihi ni kugawa: 600,000 kwa 0.6, sawa na 1,000,000. Hiyo ndiyo bei ya ukutani, na ndiyo bei utakayomtajia hata mteja anayekufuata karakana. Ukimuuzia mtu nusu bei mlango wa nyuma, umemdhulumu aliyenunua ukutani, na jumba halitakuita tena.

6. Kalenda na fedha

Mvua za Kampala hunyesha hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Rangi ya mafuta hukauka polepole sana kwenye unyevunyevu, na tabaka nene linaweza kuhitaji miezi sita kabla ya kupigwa vanishi. Basi kazi za mafuta zianze mapema, au tumia akriliki. Epuka kufungua karibu na tarehe 3 Juni, mahujaji wanapojaza barabara za Namugongo, na usifungue katikati ya Desemba wakati mji unahamia vijijini.

Kwenye bajeti, watu hukumbuka rangi na kanvasi wakasahau fremu, ambazo mara nyingi ndizo ghali zaidi. Mbao tafuta Ndeeba, vyuma vya kusimamishia sanamu wapelekee wachomeleaji wa Katwe, na mabango, kadi na lebo uchapishe Nasser Road. Chukua bei kwa mafundi watatu, na uombe kuona kona ya fremu moja iliyokwisha kukamilika kabla ya kutoa malipo ya awali. Mbao mbichi zitapinda baada ya mwezi mmoja ukutani. Ongeza asilimia 10 hadi 15 ya dharura, na ndani yake uweke mafuta ya jenereta kwa siku ya ufunguzi.

7. Panga kwenye karatasi, ndipo utoboe ukuta

Pima ukumbi wewe mwenyewe kwa futi ya chuma: kuta, milango, swichi, madirisha. Chora kwa kipimo cha 1 kwa 20, ambapo ukuta wa mita 10 unakuwa sentimita 50. Kata vipande vya karatasi ngumu kwa kila kazi; picha ya sentimita 100 kwa 80 inakuwa 5 kwa 4. Visogeze mezani mpaka uchoke. Hapa ndipo swali lako linarudi kufanya kazi. Mchoraji wetu atataka picha za jerikeni zisimame kwenye mstari mmoja mrefu, zote zikitazama upande uleule, na picha za wenyewe ziwe ukuta wa pili, mkabala. Jerikeni halisi chache ziwe sakafuni katikati, ili mgeni ajikute amesimama kwenye foleni.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Ukuta wa mita 10, picha sita za upana wa sentimita 80: picha zinachukua 480, zinabaki 520. Picha sita zina nafasi saba ukihesabu za pembeni, kwa hiyo kila nafasi ni sentimita 74 na ushei.

Kwa urefu, kitovu cha kila picha kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni, kimo cha macho ya watu wengi. Kupata mahali pa msumari: chukua 150, ongeza nusu ya kimo cha picha, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya uliovutwa. Picha ya kimo cha sentimita 100 ambayo waya wake unashuka sentimita 6: 150 ongeza 50 toa 6, msumari unakaa 194. Hakikisha kwa pimamaji, si kwa jicho. Kuta za matofali na zege hazipokei msumari wa kawaida, hivyo tumia drili na plagi zinazolingana na ukubwa wa skrubu.

Taa zipige kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka wima, ili zisimulike kioo wala kivuli cha mtazamaji kisiangukie kazi. Jua la moja kwa moja la saa kumi alasiri hufifisha karatasi na vitambaa, weka pazia.

Lebo ziwe na herufi kubwa za kusomeka umbali wa mita moja. Na tafadhali, usiandike Kiingereza peke yake. Mama wa bombani na dereva wa boda wanastahili kusoma kwa Luganda na Kiswahili kile kilichosemwa kuhusu maisha yao, na kwa sentensi zilezile bora ulizowaandikia wageni.

8. Ufunguzi na siku zinazofuata

Tuma mialiko wiki tatu kabla, ukumbushe kwa WhatsApp siku mbili kabla. Alhamisi au Ijumaa jioni watu hukwama kwenye foleni ya magari, kwa hiyo hotuba zisianze kabla ya saa moja na nusu, na idadi yake isizidi mbili. Mweke mtu mmoja anayejua bei zote, mwenye kitabu cha risiti na namba ya kupokelea malipo ya simu, ili wewe uwe huru kuzungumza na watu. Panga pia siku moja ya katikati ya wiki uwatembeze wanafunzi, na Jumamosi moja ya mazungumzo mbele ya kazi.

Kila siku andika wageni waliuliza nini na walisimama wapi kwa muda mrefu. Piga picha ukumbi ukiwa mtupu na ukiwa umejaa, kabla ya kushusha chochote, kwa kuwa jumba litakalokualika baadaye litataka kuziona.

Kwenye kushusha, waliokusaidia bombani walipwe kwanza kile ulichowaahidi, iwe fedha au nakala ya picha zao. Kazi zilizouzwa zipewe cheti chenye jina, mwaka, vipimo na sahihi yako. Zisizouzwa zifunge kwa karatasi laini isiyo na wino wa gazeti, kisha kadibodi kwenye kona, halafu nailoni juu. Nailoni isiguse rangi moja kwa moja, hunasa jasho na kuleta ukungu. Zihifadhi zikiwa zimesimama, juu ya vipande vya mbao sentimita kumi kutoka sakafuni, na uzifungue kuzikagua kila msimu wa mvua unapoanza.